Unaagiza Crown 210? Chagua injini kwanza, gredi baadaye (hatua kwa hatua)

Kwenye hii kazi ya kuagizia watu magari kutoka Japani, swali ninaloulizwa kuliko yote ni "kaka nichukue Athlete ipi" (Athlete ni ile Crown ya kispoti), halafu ukimuuliza mtu anataka injini gani anakwambia yoyote tu bora iwe na sanrufu na siti za ngozi. Hapo ndo hela za watu zinapopotea, kwasababu siti utaizoea ndani ya mwezi lakini injini utakutana nayo kila ukiingia sheli na kila ukienda gereji. Leo naongelea gari moja tu, Toyota Crown S210, ile iliyotoka mwisho wa 2012 ikaenda mpaka 2018. Ndo sedani ya kifahari ambayo wabongo wengi tunaweza kuifikia, na ndo inayochanganya watu sana maana jina ni moja ila ndani kuna injini nne tofauti kabisa.

Hatua ya 1: Jifunze kusoma modeli kodi kabla hujaangalia picha

Tangazo likiandikwa "Crown Athlete 2.5" bado hujaambiwa kitu. Kuna 2.5 ya V6, yani silinda 6, na kuna 2.5 haibridi ya silinda 4, yani injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, zote zinaandikwa 2.5 na kwa picha za mbele zinafanana. Kinachokuambia ukweli ni herufi za chasisi:

GRS210 ni V6 ya cc 2499, injini 4GR-FSE, farasi 203, gia 6.
AWS210 ni haibridi, injini 2AR-FSE cc 2493, ukijumlisha na mota unapata farasi 220.
ARS210 ni 2.0 tabo, injini 8AR-FTS cc 1998, farasi 235, gia 8. Hii ililetwa Oktoba 2015 gari lilipofanyiwa marekebisho, kwahiyo ukikuta mtu anauza "Athlete tabo 2013" achana nae.
GRS214 ni ile 3.5 V6, 2GR-FSE, farasi 315, gia 8.

Ukiona GRS211 au AWS211 hiyo ni ya kuvuta matairi yote manne. Watu wanazipenda wakisikia fobaifo, ila jiulize kwanini mjapani aliinunua. Nyingi zinatoka kaskazini, Hokkaido na Tohoku, kwenye theluji, na kule barabara zinamwagiwa chumvi. Chumvi inakula chini ya gari, mabomba ya breki, boriti, mpaka bolti za sasipensheni. Ukiitaka lazima uombe picha za chini, tena picha kali, sio ile moja ya giza wanayotumaga.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kodi, na uanze na umri sio cc

Hapa watu wengi wanakosea mpangilio. Wanakimbilia injini ndogo ili wapunguze kodi halafu wanachukua gari la zamani, kodi inarudi kwa mlango mwingine.

Kwa Tanzania ushuru wa forodha ni 25%. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya cc 1000 mpaka 2000 ni 5%, zaidi ya 2000 ni 10%. Kisha VAT 18% juu ya vyote. Tuseme TRA wameithamini gari dola 10,000. Weka ushuru wa forodha unafika 12,500. Tabo ya cc 1998 inalipa ushuru wa bidhaa 625, V6 na haibridi zinalipa 1,250. Ukiweka na VAT tofauti yao ni kama dola 737 hivi. Sio hela ndogo ila subiri.

Umri sasa. Gari dogo la miaka 8 mpaka 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu 15%, likizidi miaka 10 ni 30%. Kwa gari letu lile lile, 15% ni dola 1,875 na VAT yake inafika kama 2,212. Ile 30% ni 3,750, na VAT inagonga 4,425. Yani mwaka mmoja ukivuka mstari unakula tofauti ya injini mara tatu. Hizo nimeacha tozo ndogondogo za reli na forodha, na viwango vinaguswa kwenye bajeti za Juni, kwahiyo ingia kwenye kikokotoo cha magari cha TRA uweke mwaka, modeli na cc upate namba ya siku hiyo.

Ndo maana mimi mteja akiwa na bajeti ya kubana namshauri achukue gredi ya chini ya mwaka mpya kuliko gredi ya juu ya mwaka wa zamani. Hela ya uchakavu hairudi kwenye gari, hailipi hata tairi moja.

Hatua ya 3: Linganisha injini na barabara yako, sio na barabara ya jamaa yako

Hii ndo hatua kubwa, tulia hapa.

Kama maisha yako ni foleni, yani asubuhi Morogoro Road, jioni Mandela, unatambaa saa nzima na AC imewaka, chukua haibridi AWS210. Kwenye karatasi za Japani inaandikwa kilomita 23 kwa lita wakati V6 2.5 ni kama 11. Usitegemee hizo 23 huku, kipimo chao sio foleni ya Ubungo, ila pengo kati yake na V6 ni la kweli na linakuwa kubwa zaidi gari linapotambaa maana injini inazima mota inaendelea. Tatizo lake ni betri kubwa. Iko nyuma ya siti ya nyuma, ni nikeli, na inapozwa na feni inayovuta hewa kutoka humu humu ndani ya kabini. Sasa watu wanaziba ile tundu ya hewa kwa mabegi, au feni inajaa vumbi miaka mitano hakuna aliyeigusa, betri inachemka inakufa, halafu lawama zote zinaenda kwa haibridi. Ukishusha gari, kitu cha kwanza kabisa lipeleke kwa fundi asafishe ile feni na apime kwa mashine ya dayagnosisi volti za kila bloku ya betri, akikuta bloku moja iko chini sana kuliko wenzake ujue mapema. Weka hela pembeni kwa ajili ya betri tangu siku unanunua. Kama huwezi kuiweka hiyo hela basi haibridi sio yako, nasema hivyo kwa nia njema kabisa. Na buti lake ni dogo, kama unasafiri na familia na mizigo nenda kaliangalie kwa macho kwanza.

Kama wewe ni mtu wa safari, Dar Dodoma, Dar Mbeya, chukua tabo. Watu wanaidharau wakisikia 2.0, wanasema Crown gani ya cc elfu mbili. Angalia namba ya msukumo. Tabo inatoa Nm 350 kuanzia mizunguko 1650 tu, V6 2.5 inatoa 243 na lazima uipandishe mpaka 4800. Sasa upo Kitonga, mbele yako lori limejaa, unapata nafasi fupi ya kupita. Tabo unagusa tu gari linaenda, V6 inabidi ishuke gia ipige kelele kwanza. Na ndo yenye kodi ndogo, na zote ni za mwishoni mwa 2015 kuja juu kwahiyo umri wake ni mdogo kuliko Crown 210 za mwanzo. Masharti yake mawili. La kwanza, oili kwa wakati, Toyota wenyewe Japani wanaweka kilomita 5,000 au miezi 6 kwa injini za petroli zenye tabo, na huku kwetu na vumbi letu sioni sababu ya kuzidisha hapo. La pili, inataka petroli ya okteni ya juu, ile Japani wanaita haioku, kwahiyo uliza sheli unayotumia wanauza okteni ngapi, na usijaze mafuta ya madumu njiani hata siku moja.

V6 2.5 ni ya mtu anayetaka utulivu na fundi wa karibu. Inaenda kimya, haina tabo haina betri kubwa, inatumia petroli ya kawaida, na injini ni ile ile ya Mark X GRX130 kwahiyo spea Gerezani Kariakoo zipo na mafundi wameizoea. Kuna kitu kimoja wauzaji hawasemi. 4GR-FSE inapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda tu, hakuna petroli inayopita juu ya valvu za kuingiza hewa kuzisafisha, kwahiyo kaboni inaganda pale taratibu. Unaanza kuona injini inatetemeka gari likisimama, linakosa nguvu, taa ya injini inawaka. Wamarekani wenye Lexus IS250, injini hiyo hiyo, walilalamika sana hili jambo. Hizo nyingine tatu zina nozeli za aina mbili, za ndani ya silinda na za kabla ya valvu, kwahiyo zina nafuu. Haimaanishi uikimbie V6, inamaanisha uweke bajeti ya kusafisha valvu na usiiendeshe maisha yake yote kilomita mbili mbili za kwenda dukani.

3.5 chukua kama unaipenda. Ni gari tamu mno, inanyooka kama mshale na sauti yake inakaa kichwani. Ila inabugia mafuta, inataka okteni ya juu, na siku ya kuiuza wanunuzi ni wachache. Nimeshawaagizia watu na wana furaha nazo, wote walijua wanachoingia.

Hatua ya 4: Athlete au Royal Saloon

Kijana yeyote anataka Athlete kwa ile grili ya umeme wa radi. Sawa, nzuri. Lakini Athlete S na G zinakuja na rimu za inchi 18 na tairi 225/45, ukuta wa tairi ni mwembamba, shimo moja la mvua unapasua tairi au unakunja rimu. Na zina shokapu za AVS, zile zinazojirekebisha zenyewe kwa umeme, zikifa ni bei mbaya, mafundi wengi wanakufungia za kawaida na taa inabaki inawaka kwenye dashbodi. Royal Saloon ya kawaida, ile Crown ya starehe isiyo ya kispoti, ina rimu 16 na tairi 215/60. Kwa mtu anayeishi mtaa wa vumbi na matuta, Royal inampa raha anayodhani ataipata kwenye Athlete. Wazee wanalijua hili, ndo maana wanazing'ang'ania.

Tabo na 3.5 lakini ni Athlete tu. Kwahiyo ukichagua tabo na barabara yako ni mbovu, tafuta rimu za 17 ufunge, tairi 215/55, utanishukuru.

Hatua ya 5: Gredi na vikorombwezo, lipia vile vitakavyofanya kazi huku

Mpangilio ni rahisi: Athlete tupu, kisha S, kisha G juu. Kwa tabo utaona S-T na G-T. G mara nyingi inakuja na ngozi na siti za umeme.

Vitu ambavyo mjapani alivilipia hela ndefu na huku ni pambo: navigesheni ya kijapani, kisoma kadi ETC cha barabara za kulipia, TV ya dijitali ya kwao, na ile ITS Connect ya kuongea na taa za barabarani za Tokyo. Hata redio yake inaanzia FM 76 na stesheni zetu nyingi ziko juu, utanunua kibadilisha masafa. Muuzaji akikupandishia bei kwasababu ya hivi, mwambie hapana.

Vinavyostahili hela: siti ya dereva ya umeme, taa za LED, kamera ya nyuma, na siti za kupuliza hewa kama ni za ngozi, maana ngozi nyeusi kwenye jua la Dar bila hewa ni mateso. Rangi nyeupe ya lulu na nyeusi zinauzika haraka baadae. Sanrufu mimi sina neno nayo ila angalia dari pembeni kama kuna alama za maji, mirija yake ikiziba maji yanashuka mpaka kwenye zulia na waya.

Hatua ya 6: Soma karatasi ya mnada, halafu nyaraka kabla ya kutuma hela

Omba karatasi ya mnada yenyewe, ile ya ukaguzi wa gari kwenye mnada wa Japani, sio maelezo ya muuzaji. Gredi ya hali ya gari (sio ile ya S au G) ikiwa 4 au 4.5 ni salama, 3.5 inategemea maelezo, R au RA imewahi kugongwa ikatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari XX ni kipande kilichobadilishwa, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, U ni bonde, S ni kutu. Sanrufu inaandikwa SR, na ngozi utaona alama 革. Kama tangazo linasema ngozi na karatasi haina hiyo alama, uliza, inawezekana ni kava tu.

Mwisho kabisa, kabla hujamaliza malipo dai picha ya cheti cha usafirishaji cha Japani. Pale juu kuna modeli kamili: DAA-AWS210 ni haibridi, DBA-ARS210 tabo, DBA-GRS210 V6. Kuna cc na kuna mwezi na mwaka wa usajili wa kwanza. Linganisha na invoisi herufi kwa herufi. Kama kimoja kinasema AWS na kingine GRS, usitume hata dola mpaka waandike upya, kwasababu gari likishafika bandarini Dar na nyaraka zinagongana, wewe ndo utakayekuwa unalipa siku za stoo.