Somo: Kuiga kwa kompyuta jinsi maoni ya watu yanavyogawanyika

Swali la "mbona wastani wangu unayumba?" limejirudia mno, basi somo zima hili hapa. Tunatumia modeli ya Deffuant na wenzake (2000): wawili wanakutana, wakikaribiana kimawazo wanavutana, wakiwa mbali kila mmoja anabaki na lake.

1. Tengeneza watu 1000. Kila mmoja mpe namba nasibu kati ya 0 na 1. Huo ndio msimamo wake.

2. Weka ukomo wa kusikilizana, e = 0.2, na kasi ya kuvutana, m = 0.5.

3. Chagua wawili tofauti kwa bahati nasibu. Wakitofautiana kwa zaidi ya e, waache.

4. Wasogeze. HAPA NDIPO PANAPOHARIBIKA, hata mimi palinishinda mwanzoni. Tofauti ipigwe mara moja, ihifadhiwe, ndipo kila mmoja asogee kuelekea mwenzake kwa m mara tofauti hiyohiyo. Chukua 0.40 na 0.50: wote waishie 0.45. Ukimbadilisha wa kwanza, kisha wa pili ukampigia hesabu kwa namba mpya ya mwenzake, utapata 0.45 na 0.475. Wastani wao umepanda kutoka 0.45 hadi 0.4625. Kwa kuwa anayetangulia ni wa bahati nasibu, makosa yanaenda huku na huku, na grafu inatoka nzuri tu. Usiiamini grafu. Linganisha wastani wa misimamo yote wa mwanzo na wa mwisho: usipolingana hadi desimali ya kumi, rudi hatua hii.

5. Rudia mara 1,000,000. Chora histogramu.

Idadi ya makundi makubwa hukaribia 1 gawanya kwa 2e. Kwa 0.2 tarajia mawili, kwa 0.5, moja.

MASWALI

— Yangu haifanyi kazi.
Haifanyi kazi vipi? Weka e, m na wastani zote mbili.

— Nimepata makundi manne kwa 0.2. Modeli yako mbovu.
Yana watu wangapi kila moja? Vikundi vya watu wachache karibu na 0 na 1 ni tabia ya modeli yenyewe. Nimeandika makundi MAKUBWA.

— Mwalimu, nikitaka kuweka mtu asiyebadilika kabisa?
Swali zuri sana. Mpe m = 0 yeye peke yake. Ila wastani hautatunzwa tena, kwa hiyo kipimo cha hatua ya 4 kifanye kabla hujamwingiza. Ukitaka ukaidi wa kiasi, jaribu ya Friedkin na Johnsen (1990): kila raundi mtu anachukua, tuseme, 0.8 ya wastani wa wanaomshawishi na 0.2 ya msimamo wake wa siku ya kwanza. Hiyo 0.2 ikiwa sifuri kwa wote (na 0.8 ikawa 1), unarudi kwa modeli ya DeGroot (1974), ambako mtandao uliounganika, kila mtu akijipa uzito kidogo na yeye mwenyewe, huishia maoni mamoja. Linganisha hizo mbili, utajifunza mengi.

— Makundi mnayahesabuje? Mimi nakodolea histogramu.
Panga misimamo kutoka mdogo hadi mkubwa. Kila pengo linalozidi e ni mpaka wa kundi.

— Nyongeza: fungeni mbegu ya namba nasibu (namba ya kuanzishia, ili bahati nasibu ijirudie ileile), la sivyo kosa la jana leo hulioni.
Kweli kabisa. Ukishasahihisha, endesha kwa mbegu 20 tofauti kabla ya kutangaza matokeo.