Kuchagua mbao za shingo ya gitaa la besi ya vipande vilivyogandishwa kwa gundi

Nyuzi nne za gitaa la besi, zikishakazwa kwenye sauti zake za kawaida, huivuta shingo kwa nguvu inayokaribia kilo 75, usiku na mchana. Shingo ikipinda kwenda mbele, trasirodi (chuma kinachokaa ndani yake) itainyoosha. Ikijisokota, hakuna skrubu ya kuiokoa, maana trasirodi haitibu msokoto. Ndiyo sababu ya kugandisha vipande: kila kimoja humshika mwenzake asijisokote. Lakini gundi haigeuzi ubao mbaya kuwa mzuri, kwa hiyo kazi kubwa ni kuchagua.

Kwa fundi wa Dodoma, anza na mninga. Hutoka kwenye misitu ya miombo ya Tabora na Katavi, una uzito wa kama kilo 600 hadi 650 kwa mita ya ujazo, na ukishakauka hausinyai wala kuvimba sana. Kwa sehemu kubwa ya shingo, hatuoni mbao ya hapa nchini inayoupita. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi, unafaa kipande cha katikati. Mtiki nao umetulia, ila mafuta yake husumbua gundi. Mvule mara nyingi nyuzi za mbao yake zimepishana na randa huzing'oa; uchukue ukiona ubao ulionyooka kweli. Msindano wa Sao Hill ni laini mno kwa kazi hii, na mkaratusi hupinda pale pale unapouchana, hata ukiwa mkavu. Hiyo miwili iache.

Mpingo utie kidogo. Una zaidi ya kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, unazama majini, na ukiujaza kwenye shingo gitaa litainamia upande wa kichwa kila mpigaji anapoliachia mkono. Vipande viwili vya milimita 4 vinatosha. Kipande kizuri kuliko vyote kitunze kwa ubao wa freti (ule wa juu ya shingo, mpigaji anapobonyezea nyuzi), unene milimita 6.

Sokoni usianze na rangi. Tazama kwanza ncha ya ubao. Mbao nyingi zimepasuliwa bapa, pete za mti zimelala sambamba na uso mpana, na hilo si tatizo: ukiuchana ubao vipande, kisha ukakilaza kila kimoja ubavu, pete zinasimama wima, namna inayotulia zaidi. Halafu tazama nyuzi za mbao. Weka tone la wino kwenye uso uliopigwa randa, nalo litatambaa kufuata nyuzi. Mstari ukiuacha ukingo kwa zaidi ya sentimita 1 ndani ya sentimita 20, ubao huo ni wa stuli. Kataa pia fundo, kiini cha mti, na ile sehemu nyeupe ya nje ya mninga, ambayo wadudu huipenda.

Ukavu ndio unaoharibu shingo nyingi hapa kwetu. Kuanzia Mei hadi Novemba hewa ya Dodoma ni kavu sana, na ubao uliotoka kwenye unyevu unaendelea kusinyaa ukiwa tayari gitaa. Lenga unyevu wa asilimia 8 hadi 10. Huna kipimo? Kata kipande kutoka katikati ya ubao, kipime, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi joto 103 za Selsiasi mpaka uzito uache kushuka. Kikitoka gramu 60 hadi 55, gawa 5 kwa 55: asilimia 9. Uko tayari.

Kwa shingo ya kufunga kwa skrubu nunua urefu wa mita 1. Mpangilio mzuri ni mninga 20, mpingo 4, mninga 20, mpingo 4, mninga 20: jumla milimita 68, na mfereji wa trasirodi wa milimita 6 unabaki ndani ya kipande cha katikati bila kugusa gundi. Mninga wa pembeni utoe kwenye ubao mmoja, kimoja ukigeuze kichwa chini miguu juu ili vivutane kinyume.

Chana vipande vikizidi unene unaotakiwa kwa milimita 3, vipange kivulini na vijiti katikati kwa wiki mbili. Kilichopinda kitupe. Piga randa ya mwisho siku ile ile ya kugandisha, ufute mpingo kwa asetoni muda huo huo na utumie gundi ya epoksi, kwani gundi nyeupe hulegea gitaa likiachwa ndani ya gari lililoanikwa juani. Gandisha asubuhi na mapema kabla joto halijapanda, weka klempu kila sentimita 10, acha saa 24.

Kabla ya kuchonga, kata kipande cha ncha ukipasue kwa patasi kwenye mstari wa gundi. Mbao ikichanika pembeni ya mstari, endelea. Ikiachia kwenye gundi na uso wa mpingo ukabaki safi, mafuta hayakufutwa vizuri; chana upya, rudia.