Bodi ya swichi na taa za chumba cha rubani nyumbani: nilivyoitengeneza Ngamiani

Mimi ni fundi wa redio na televisheni, kibanda changu kiko Ngamiani hapa Tanga. Mpwa wangu tangu mdogo akisikia mlio wa Caravan, ndege ndogo ya abiria, inayoondoka kuelekea Pemba hutoka nje kuitazama mpaka ipotee juu ya bahari. Alipopata laptopu aliweka FlightGear, programu ya bure ya kuigiza urukaji, akawa anarusha Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, kwa kibodi na kipanya. Siku moja akaniambia, "Mjomba, kichwa kinajifunza lakini mikono haijifunzi kitu." Alikuwa ameshatazama paneli zinazouzwa nje, bei yake kwa dola, na usafiri na ushuru bado. Nikamwambia aziache, tutaunda zetu.

Naandika tulivyofanya kwa ajili ya mwenye pasi ya risasi, mita ya umeme na subira, ila mfuko wake si mkubwa. Na usione ni kazi isiyofaa mafundi wa mitaani. Edwin Link, aliyeunda kile kifaa cha kufundishia marubani huko Binghamton, New York, mwaka 1929, alitoka katika kiwanda cha vinanda cha familia yake. Mivukuto na vali za hewa za vinanda ndizo alizozitumia kuinamisha na kugeuza ndege yake ya mbao. Alianza na ufundi uliokuwa mikononi mwake tayari.

Kwanza tenganisha kazi mbili: bodi ya kuingiza, inayosoma swichi na nobu, na bodi ya kutoa, inayowasha taa na tarakimu. Wengi huzibana zote kwenye kifaa kimoja. Mimi sipendi. Taa zinavuta umeme mwingi kuliko swichi, na zikileta hitilafu unataka swichi ziendelee kufanya kazi wakati unatafuta kosa.

Kwa kuingiza tulinunua Pro Micro moja, bodi ndogo yenye chipu unayoiandikia programu, kutoka Kariakoo, ikaja na basi. Chipu yake ni ATmega32U4, na sababu ya kuichagua ni kwamba inaongea USB yenyewe: kompyuta inaiona kama jostiki, bila programu ya ziada katikati. Arduino Uno ya kawaida, bodi nyingine ya aina hiyo, haifanyi hivyo kirahisi. Uliza muuzaji kama ni ya volti 5 au 3.3, kwa sababu zinafanana kwa sura. Ukiiandikia programu ukiwa umechagua aina isiyo yake, kompyuta itaacha kuiona kabisa. Hilo likikupata usiitupe: gusanisha pini ya RST (ya kuanzisha upya) na ya GND (hasi) mara mbili haraka haraka, itaamka kwa sekunde 8 tu, na ndani ya sekunde hizo uiandikie upya. Jambo jingine, tundu lake la USB limeshikwa na risasi kidogo sana na hung'oka na shaba yake. Kabla ya yote, lizungushie gundi ya moto.

Pro Micro ina pini 18 za kutumia. Sisi tulizigawa hivi, na hakuna iliyobaki: 10 za swichi, 4 za enkoda mbili (nobu za redio, nitazieleza mbele), na 4 zinazosoma volti, yaani A0 mpaka A3, za mikono ya injini na pedali.

Pini 10 unapataje swichi 24? Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo. Chora mistari 4 ya waya kwa mlalo na safu 6 kwa wima. Panapokutana mstari na safu weka swichi moja. Nne mara sita ni ishirini na nne. Programu inashusha safu ya kwanza hadi sifuri ya volti, inasoma mistari yote minne, inaiachia, inakwenda ya pili, hivyo hivyo mpaka ya sita, kisha inarudi mwanzo. Inafanya hivyo mara nyingi kwa sekunde hata mkono wako hauwezi kuiwahi. Mistari huhitaji rezista za kuivuta juu, yaani kuiweka kwenye volti kamili mpaka swichi iishushe, lakini chipu inazo ndani, za kilo-omu 20 hadi 50, unaziwasha kwa amri ya INPUT_PULLUP.

Mara ya kwanza nilifunga swichi bila diodi, kile kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Nilikuwa na haraka, na nilijua kibodi nyingi za bei nafuu hazina diodi. Tukawasha betri, tukawasha taa ya mkiani, tukawasha taa za pembeni, na hita ya pitot, ile ya kupasha moto bomba la kupimia mwendo wa ndege, ikajiwasha. Mpwa wangu akatoa mkono kabisa kwenye swichi ile kunionyesha kwamba imezimwa. "Mjomba, mbona inawaka yenyewe?"

Ilikuwa haijiwashi. Swichi tatu zikiwa zimewashwa kwenye pembe tatu za mstatili, umeme unapata njia ya kuzunguka: unatoka mstari wa pili, unapita swichi ya kwanza hadi safu yake, unarudi juu hadi mstari wa kwanza, unashuka kwenye safu ya pili. Kompyuta inasoma pembe ya nne kama swichi iliyowashwa. Kwenye kibodi kosa hili huonekana kwa nadra, maana vidole vinabonyeza na kuachia. Kwenye ndege swichi zinakaa zimewashwa safari nzima. Betri, altaneta, taa ya kumetameta, redio: zote ziko juu kwa pamoja. Kwa hiyo bila diodi paneli ya ndege haifai hata siku moja.

Dawa yake ni diodi moja kwa kila swichi, 1N4148, ile ndogo ya kioo chenye rangi ya machungwa na mstari mweusi. Sikununua hata moja. Bodi za televisheni na deki zilizokufa zimejaa diodi hizi. Zitoe, zipime kwa mita moja moja: upande mmoja isome, upande wa pili isisome. Ncha yenye mstari mweusi ielekee safu, ncha ya pili iwe upande wa swichi. Ukigeuza hata moja, swichi hiyo haitasomwa kamwe, na utaitafuta kutwa nzima ukidhani waya umekatika. Mimi nazifunga zote zikielekea upande mmoja kwenye ubao wa matundu, jicho linaona iliyogeuka kabla mita haijaona.

Bodi yenyewe si lazima uichonge kwa dawa ya kula shaba. Ubao wa matundu wenye vipande vya shaba unatosha, na ukikosea unachomoa. Waya tulipata kwenye zile tepe pana za kuunganishia hadidiski za zamani. Moja ina nyuzi 40 zilizopangana. Ukiikata vipande vya nyuzi 10, kila kipande ni mistari minne na safu sita bila kuchanganyikiwa.

Swichi za kupindua, zile zinazobaki juu au chini, zinahitaji uangalifu kwenye programu. Jostiki inajua kitufe kimebonyezwa au kimeachiwa, basi. FlightGear ina njia nzuri: kwenye faili la jostiki, kila kitufe unakipa amri ya kubonyezwa, na ndani ya alama ya mod-up amri ya kuachiwa. Ya kwanza iandike thamani 1, ya pili 0, mahali kama /controls/lighting/beacon. Usitumie amri ya kugeuza iliyopo, maana ukianza safari swichi ikiwa juu na ndege ikiwa imezimwa, kila ukiinua itazima na kila ukishusha itawasha. Andika thamani yenyewe.

Swichi pia hurukaruka. Vipande vyake viwili vya chuma vinapogusana hutetemeka kwa milisekunde chache, na chipu husoma mibonyezo mitano badala ya mmoja. Programu isikubali badiliko mpaka lidumu milisekunde 10. Ili kompyuta iione bodi kama jostiki tumetumia maktaba (programu iliyoandikwa tayari) ya Joystick ya Matthew Heironimus. Ukiiacha ilivyo inabeba vitufe 32, na sisi tuna 24 vya paneli na 4 vya enkoda, yaani 28.

Enkoda ni nobu inayozunguka bila mwisho, tofauti na voliumu. Mbili zinatosha redio moja: moja ya megahezi, moja ya kilohezi. Pini ya katikati iende hasi, mbili za pembeni ziende kwenye chipu. Kila mruko unaousikia kidoleni uwe mbonyezo mmoja wa "panda" au "shuka". Aina ya EC11 kwa kawaida ina miruko 20 kwa mzunguko. Ikiruka namba mbili kwa mruko mmoja, kosa liko kwenye hesabu ya programu, enkoda haina tatizo.

Kwa mikono ya gesi (ya kuongeza nguvu ya injini) na mchanganyiko wa mafuta, kila fundi atakimbilia voliumu za redio alizonazo. Ngoja kwanza. Voliumu nyingi za sauti zimeandikwa A, na hazipandi sawasawa: ukifika katikati ya mzunguko bado hujafika nusu. Ukiifunga kwenye gesi, injini italala mwanzoni na kuruka mwishoni. Tafuta iliyoandikwa B10K. Iweke katikati, pima kila upande: isome karibu kilo-omu 5 na 5. Zile za kuteleza za kwenye ekwalaiza za zamani zinafaa sana. Mkono wako hautatumia mzunguko wote, kwa hiyo andika namba unazosoma mwanzo na mwisho wa mkono, kati ya 0 na 1023, na programu iinyooshe sehemu hiyo tu.

Bodi ya kutoa ni rahisi zaidi kichwani na ngumu zaidi kwenye umeme. Tumetumia Arduino Nano, bodi nyingine ndogo ya kuandikiwa programu. Tarakimu za redio zinaendeshwa na MAX7219, chipu inayobeba tarakimu 8 kwa nyaya tatu za data. Masafa yanayotumika na yanayosubiri, kila moja tarakimu tano, ni kumi, kwa hiyo utahitaji moduli mbili zilizofuatana, nyaya zikibaki zile zile tatu. Hakikisha tarakimu zako ni zile ambazo hasi ni ya pamoja. Za chanya ya pamoja haziendi na chipu hii. Zetu zilikuwa zikimetameta na mara nyingine kuonyesha takataka mpaka nilipoweka kapasita mbili karibu kabisa na chipu, moja ya maikrofaradi 10 na moja ya 0.1, kati ya chanya na hasi.

Taa za tahadhari zinatoka kwenye chipu ya 74HC595, taa 8 kwa chipu moja. Jumla ya umeme unaopita kwenye chipu hiyo usizidi miliampea 70. Taa nyekundu inachukua kama volti 2, zinabaki 3. Ukiweka rezista ya omu 470 kila taa inapata kama miliampea 6, zote nane ni karibu 51. Zinaonekana vizuri hata mchana dirisha likiwa wazi. Ukitaka balbu kubwa au relei, weka chipu ya ULN2803, inayobeba umeme mwingi zaidi, katikati. Usiibebeshe 74HC595 mzigo huo.

FlightGear inatuma habari kwa Nano kupitia mstari huu unapoifungua kwenye Linux:

--generic=serial,out,10,/dev/ttyUSB0,9600,tanga

Maana yake: toa, mara 10 kwa sekunde, kwenye waya huo, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kwa kufuata faili la tanga.xml uliloliweka kwenye folda ya Protocol. Ndani ya faili unaorodhesha unachotaka, kwa mfano /instrumentation/comm[0]/frequencies/selected-mhz, kimoja baada ya kingine, mkato katikati, mstari mpya mwishoni. Sentensi yetu, yaani mstari mmoja wa habari hizo, haifiki herufi 30. Mara kumi ni 300, na kasi ya 9600 inabeba kama herufi 960 kwa sekunde, nafasi ipo. Usipande mara 50 kwa sekunde kwa tamaa. Macho hayatambui, na Nano itaanza kukosa herufi.

Jaribu kila kitu mezani kabla ya kutoboa paneli. Programu ya bure ya kuonyesha jostiki, jstest kwenye Linux, inakuonyesha kila kitufe. Washa swichi zote 24, kisha zima moja moja na uangalie kama ni hiyo tu iliyozimika. Jaribio hili ndilo linalofichua diodi iliyogeuka na risasi iliyogusana. Paneli yetu tulikata bati la bango la zamani, tukalibandika juu ya plaiwudi. Herufi mpwa wangu aliziandika kwa mkono, kwa Kiswahili: BETRI, TAA YA KUTUA, PAMPU. Nilitaka ziwe hivyo.

Chumvi ya hapa pwani usiidharau. Kibandani kwangu naletewa redio zenye umri wa mwaka mmoja, shaba yake imeshageuka kijani. Ukimaliza kujaribu, safisha upande wa shaba kwa spiriti, ukauke, kisha upake rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya kila kiungo cha risasi. Ziba swichi na tundu la USB kwa tepu kwanza, maana ikiingia ndani hutaitoa. Mimi napaka mara mbili, nalaza bodi usiku mzima mbali na dirisha, na asubuhi napitisha mita mara ya mwisho kabla ya kufunga skrubu.