Shindano lako la kwanza la bastola: kanuni za IPSC, vifaa na haki ya mshindani

Ulengaji shabaha kwa vitendo ni mchezo ambao mshindani hukimbia, hupiga magoti, huchungulia kwenye tundu la ukuta wa mbao na kubadilisha magazini huku saa ikimhesabia muda. Shirika linalousimamia duniani, ambalo hujulikana kwa kifupi cha IPSC, lilianzishwa mjini Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, mwezi Mei 1976, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Kaulimbiu yake ya Kilatini ina maneno matatu yanayomaanisha usahihi, nguvu na kasi. Ukisoma kitabu cha kanuni ukiyakumbuka maneno hayo, utaona kwamba karibu kila kanuni iliwekwa ili mtu asishinde kwa kutegemea moja kati ya hayo na kuyatupa mawili yaliyobaki. Mwongozo huu ni kwa yule ambaye tayari ana leseni ya silaha, amefunzwa kuitumia kwa usalama, na sasa anataka kuingia mashindanoni akijua anachopimwa.

Anza na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoamua uchague vifaa gani na upige kwa mwendo gani. Shabaha ya karatasi ina maeneo matatu, Alfa, Charlie na Delta. Risasi iliyoingia Alfa huleta alama 5 kwa kila mtu. Nje ya Alfa, alama hutegemea nguvu ya risasi: aliyesajiliwa katika kundi la Major, lenye risasi zenye nguvu zaidi, hupata 4 kwa Charlie na 2 kwa Delta, na wa kundi la Minor hupata 3 na 1. Risasi iliyokosa hukatwa alama 10, na risasi iliyoipata shabaha ya marufuku hukatwa alama 10 vilevile. Katika mfumo unaotumika zaidi, jumla ya alama hugawanywa kwa sekunde ulizotumia. Mwenye kiwango kikubwa kuliko wote katika divisheni yake, yaani kundi la wenye vifaa vya aina moja, huchukua alama zote za kituo (zoezi moja kati ya yale yanayounda shindano), na wengine hupata kwa uwiano.

Chukua kituo chenye shabaha 12 za karatasi, kila moja ikitaka risasi mbili, yaani alama 120. Mshindani wa Minor anapiga Alfa 20 na Charlie 4, anapata alama 112 kwa sekunde 20, sawa na alama 5.60 kwa sekunde. Mwingine wa Minor anapata alama zile zile 112 lakini kwa sekunde 22, sawa na 5.09. Wa kwanza anaandikiwa 120, wa pili takriban 109. Sasa tazama gharama ya risasi moja iliyokosa: unapoteza alama 5 ambazo ungezipata, kisha unakatwa 10, jumla 15, ambazo kwa kiwango cha 5.60 ni sawa na sekunde 2.7 hivi. Kurudia risasi hiyo huchukua muda mfupi mno kuliko huo. Kwa hiyo anayeanza na afuate kanuni rahisi: kama hukuona vituzio, yaani alama za kulengea zilizo juu ya bastola, vikiwa mahali pake risasi ilipotoka, piga tena kabla ya kuondoka hapo, kwa kuwa risasi mbili bora ndizo zinazohesabiwa na ya ziada haikupunguzii kitu. Kwa upande mwingine, kushuka kutoka Alfa hadi Charlie katika Minor hugharimu alama 2 tu, yaani chini ya nusu sekunde, na mtu anayesimama kutafuta Alfa ya pili kwa sekunde nzima amejiibia mwenyewe.

Nguvu ya risasi hupatikana kwa kuzidisha uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito) na kasi yake kwa futi kwa sekunde, kisha kugawanya kwa 1,000. Kiwango cha chini cha Minor ni 125. Kichwa cha greni 124 kinachokwenda kwa futi 1,050 kwa sekunde kina nguvu ya 130, kwa hiyo kinapita. Kiwango cha Major katika divisheni ya Standard ni 170, na kichwa cha greni 180 kwa futi 950 hufikia 171, ukingoni kabisa. Mimi simshauri mtu aende shindanoni akiwa ukingoni namna hiyo. Kasi hubadilika kutoka risasi hadi risasi hata ndani ya boksi moja, na kwa baruti nyingi risasi iliyopoa huenda polepole zaidi, kwa hiyo kipimo ulichopata mchana wa joto la Mombasa huenda usikipate asubuhi ya baridi huko Kiambu. Acha nafasi ya pointi tano au zaidi juu ya kiwango unachokidai.

Katika mashindano makubwa maafisa huchukua risasi 8 kutoka kwako, wakati wanaouchagua wao. Moja hung'olewa kichwa na kupimwa uzito, tatu hupigwa kupitia mashine ya kupima kasi, na zilizobaki ni akiba iwapo tatu hizo hazikufikia kiwango. Aliyedai Major akashindwa kuifikia huhesabiwa kama Minor kwa shindano zima. Aliyeshindwa hata 125 anaweza kuendelea kupiga, ila hapati alama yoyote. Adhabu hiyo ni kali lakini ni ya haki, kwa sababu risasi dhaifu hairushi mkono, na anayeitumia anapunguza sekunde ambazo mwenzake analipia kwa teke la bastola.

Divisheni ndizo zinazozuia pesa kununua ushindi. Katika Open, vituzio vya elektroniki na vipunguza teke vinaruhusiwa. Katika Standard, bastola pamoja na magazini yake lazima iingie kwenye sanduku la milimita 225 kwa 150 kwa 45, na anayetaka Major lazima atumie kichwa chenye kipenyo cha milimita 10 au zaidi. Classic na Revolver zina wapenzi wao, lakini kwa anayeanza napendekeza Production. Humo wote huhesabiwa kama Minor, hivyo hakuna faida ya risasi kubwa. Bastola lazima iwe katika orodha iliyoidhinishwa na IPSC. Marekebisho ni machache. Na magazini haijazwi zaidi ya risasi 15. Mtu aliye na bastola ya kawaida ya milimita 9, holista (ala ya bastola) ngumu inayofunika kifyatulio, mkanda imara na magazini nne au tano hana cha kununua zaidi ya hapo, isipokuwa miwani ya kinga na vizibo vya masikio. Kabla ya kusafiri, vaa vyote na ujipime: holista ikae nyuma ya mfupa wa nyonga, na bastola na magazini visizidi milimita 50 kutoka kwenye mkanda. Kifaa kisichokidhi masharti ya divisheni kikigunduliwa, mshindani huhamishiwa Open pale divisheni hiyo ipo, akashindane na bastola zenye vituzio vya elektroniki, na pasipokuwepo hupiga bila kupata alama. Aidha, bastola uliyoanza nayo ndiyo utakayomaliza nayo. Ikiharibika, ruhusa ya kuibadilisha hutolewa na msimamizi mkuu wa uwanja, na ukikwama katikati ya kituo kwa ubovu wa bastola yako hurudii.

Usalama hauna mizani ya alama. Mtutu ukivuka nyuzi 90 kutoka mwelekeo wa tuta la kuzuia risasi, umeondolewa shindanoni. Bastola ikikudondoka, umeondolewa. Risasi ikitoka bila kukusudia unapojaza, unapotembea au unapotengua bastola iliyokwama, ni vivyo hivyo, na hata kupiga shabaha ya chuma ukiwa karibu kuliko mita 7. Makosa yanayowatoa wageni wengi hutokea nje ya kituo: mtu anaitoa bastola ili amwonyeshe rafiki, au anashika risasi ndani ya eneo la usalama. Eneo hilo limetengwa kwa ajili ya kushika bastola tupu, na risasi haziruhusiwi humo, hata zile za bandia. Jizoeze nyumbani kidole kikae nje ya kikingio cha kifyatulio kila unapohamisha miguu au kubadilisha magazini.

Kwenye kituo, afisa husoma maelezo yaliyoandikwa, neno kwa neno, ili kundi la asubuhi na la jioni wasikie kitu kile kile. Sikiliza mkao wa kuanzia na hali ya bastola, kisha tumia muda wa ukaguzi kuhesabu shabaha na kuchagua mahali pa kubadilisha magazini. Njia ya kuzimaliza ni hiari yako, mradi hukanyagi nje ya mipaka iliyowekwa. Amri katika mashindano ya kimataifa hutolewa kwa Kiingereza. Baada ya tahadhari ya mwisho, mlio wa kuanza hutoka kati ya sekunde 1 na 4, kwa hiyo usijaribu kuubahatisha.

Ukimaliza, fuatana na afisa anapohesabu, au mteue mwenzako akusimamie. Tundu linalogusa mstari hupewa alama ya juu zaidi. Shabaha ya chuma uliyoigonga ikakataa kuanguka ina utaratibu wake: unaweza kuipiga tena, au kuiacha imesimama na kudai ipimwe. Afisa ataipiga kwa risasi maalumu ya kipimo. Ikianguka unahesabiwa umekosa, na isipoanguka unarudia kituo. Usiiguse, wala asiiguse mtu mwingine kabla ya kipimo hicho.

Usipokubaliana na uamuzi, usitie saini karatasi ya alama kwanza. Mwombe afisa mkuu wa kituo, kisha msimamizi mkuu wa uwanja, na hatimaye unaweza kuandika rufaa kwa kamati ya usuluhishi ndani ya saa moja tangu tukio, ukilipia ada inayorudishwa ukishinda. Kuna jambo moja ambalo kamati haitalisikiliza: kama afisa ameona kosa la usalama likitendeka, hutaruhusiwa kubisha kwamba halikutendeka. Unachoweza kuomba ni kuangaliwa kama kulikuwa na mazingira ya kipekee yanayofaa kufikiriwa upya.