Kodi: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kusaini Ofa ya Chuo Kikuu cha Marekani

Barua ya ofa huwa inavutia: ada imelipwa, posho ni dola 24,000 kwa mwaka, na bima ya afya ipo. Mtanzania au Mkenya anayekwenda kusoma uzamivu huku akifundisha, iwe takwimu au Kiswahili chenyewe, asisaini kabla hajauchambua mfuko huo. Kila fedha iliyomo ina kanuni yake ya kodi na fomu yake.

Upande wa ada ndio mwepesi. Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu ambaye ni msaidizi wa kufundisha au wa utafiti hatozwi kodi kwa ada aliyosamehewa, ilimradi kazi yake inalipwa ujira unaolingana nayo. Mwaka 2017 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha muswada ambao ungeifuta nafuu hii, ila sheria iliyotoka mwishoni iliiacha, na ni heri, maana wengi wangeshindwa kuendelea na masomo. Mwenza wa mwajiriwa wa chuo hana bahati hiyo katika ngazi zote. Akisoma shahada ya kwanza kwa punguzo la wafanyakazi, hakuna kodi. Akisoma uzamili, thamani ya punguzo huongezwa kwenye mshahara wa mwajiriwa na kukatwa kodi.

Kuhusu posho, uliza kwa maandishi: ni mshahara au ni ufadhili? Kama ni lazima ufundishe, usahihishe mitihani au ushinde maabara, huo ni mshahara, na utapewa fomu W-2, inayoonyesha mshahara na makato ya mwaka. Kama umepewa usome tu bila kudaiwa kazi, huo ni ufadhili. Sehemu yake inayolipia ada na vitabu vya lazima haina kodi. Ya chakula, chumba na nauli inayo, na kwa mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi) au J-1 (ya mabadilishano ya kielimu) chuo hukata asilimia 14 na kutoa fomu 1042-S, inayoonyesha ufadhili huo na kodi iliyokatwa. Wengi hupata vyote viwili ndani ya mwaka mmoja, mshahara wakati wa muhula na ufadhili wakati wa kiangazi. W-2 hutakiwa kutoka kufikia Januari 31, lakini 1042-S yaweza kufika hadi Machi 15. Anayekimbilia kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka, Februari huacha sehemu ya mapato yake nje.

Usitegemee mkataba wa kodi. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo msamaha anaopata mwenzako kutoka Misri haukuhusu.

Jambo zito kuliko yote ni hadhi yako ya ukazi kikodi, ambayo haifanani na hadhi ya uhamiaji. Mwanafunzi wa F-1 au J-1 kwa kawaida si mkazi kwa miaka 5 ya kalenda. Mtafiti au mwalimu wa J-1 ni miaka 2. Sehemu ya mwaka huhesabiwa mwaka mzima: aliyeingia Agosti 2025 kama mwanafunzi ameshautumia mwaka 2025, na kinga yake ya kutohesabiwa mkazi inaisha Desemba 2029. Asiye mkazi hapati lile punguzo la jumla wanalopewa Wamarekani (standard deduction, kiasi cha mapato kisichotozwa kodi), hivyo kodi huanza kwenye dola ya kwanza. Kwa mshahara wa dola 24,000 mwaka 2025, kodi ya shirikisho ni takribani dola 2,640. Mkazi asiye na ndoa, kwa mshahara huohuo, angelipa 825. Weka tofauti hiyo kwenye bajeti kabla ya kuchagua nyumba ya kupanga. Ongeza kodi ya jimbo, isipokuwa pale ambapo jimbo halitozi kodi ya mshahara, mfano Texas au Florida.

Siku ya kujaza W-4, fomu ya kumwelekeza mwajiri akukate kodi kiasi gani, chagua hali ya mtu asiye na ndoa hata kama umeoa au umeolewa, na andika NRA (nonresident alien, yaani mgeni asiye mkazi) chini ya mstari 4(c). Herufi hizo tatu ndizo humwambia mhasibu wa mishahara akokotoe makato bila lile punguzo la jumla. Zikikosekana, mshahara wa kila mwezi huonekana mnono, kisha Aprili unadaiwa.

Upande mwingine, asiye mkazi mwenye F-1 au J-1 hakatwi michango ya Social Security (pensheni) na Medicare (bima ya afya ya wazee) kwa kazi iliyoruhusiwa na viza yake. Jumla yake ni asilimia 7.65, yaani dola 1,836 kwa mfano wetu. Kagua hati ya kwanza kabisa ya mshahara. Ukiona makato hayo, nenda ofisi ya mishahara mwaka uleule, kwa kuwa mwajiri anaweza kurudisha mwenyewe. Akishindwa au akikataa, utajaza fomu 843 na 8316 za kuomba kurudishiwa, na kusubiri miezi.

Ritani yako ni 1040-NR, ya wasio wakazi, pamoja na 8843, fomu ya kueleza kwa nini siku zako Marekani hazihesabiwi, mwisho Aprili 15. Mke, mume au mtoto aliye kwa viza ya F-2 au J-2 hujaza 8843 yake hata kama hana senti aliyoingiza. Kwake mwisho ni Juni 15. Programu nyingi maarufu za kodi hazina 1040-NR: zitakuandalia 1040 ya wakazi, utarudishiwa fedha zisizo zako, na baadaye utazilipa pamoja na riba. Uliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni kama chuo kimenunua programu ya wasio wakazi. Vyuo vingi hununua.

Ukiwa mwanafunzi ukaingia mwaka wa sita, kipimo cha idadi ya siku ulizokaa Marekani kwa kawaida hukugeuza mkazi. Punguzo la jumla unalipata, lakini pango unalolipwa na wapangaji wa nyumba yako Mbagala au Kisumu nalo huingia kwenye ritani ya Marekani. Akaunti zako za nje ya Marekani zikizidi jumla ya dola 10,000, hata kwa siku moja, lazima zitolewe taarifa kwa fomu ya FBAR.