Maneno ya takwimu, kuanzia swali hadi grafu

Wanafunzi wengi hukariri maneno ya takwimu kama orodha, kisha wakipewa data halisi wanakwama. Mimi huyafundisha kwa kufuata kazi yenyewe ilivyo, kila neno likija pale linapohitajika. Mfano wetu ni mmoja tu: muda ambao wanafunzi hutumia kutoka nyumbani hadi shuleni.

Hatua ya 1: Swali

"Wanafunzi wanatoka mbali?" si swali la takwimu, kwa sababu mbali kwa mmoja ni karibu kwa mwingine. "Mwanafunzi hutumia dakika ngapi kufika shuleni asubuhi?" hilo linapimika. Jambo linalobadilika kutoka mtu hadi mtu, hapa dakika, tunaliita kigeu. Jibu likiwa namba, una data za idadi. Ukiuliza "Unakuja kwa njia gani?" na kujibiwa kwa miguu, baiskeli au basi, una data za sifa. Ishike tofauti hii mapema, maana ndiyo itakayokuchagulia grafu.

Hatua ya 2: Nani ataulizwa

Wanafunzi wote wa shule ndio kundi lengwa. Ukiwauliza wote, umefanya sensa. Ukiwauliza baadhi, hao ni sampuli. Sampuli nasibu ni ile ambayo kila mmoja ana nafasi sawa ya kuchaguliwa: andika majina yote kwenye vikaratasi, vichanganye vizuri, chomoa 20 bila kutazama. Ukisimama getini alfajiri na kuwauliza waliowahi tu, sampuli yako ina upendeleo. Waliotoka mbali bado wako njiani.

Hatua ya 3: Kukusanya

Unaweza kutumia hojaji (karatasi ya maswali), mahojiano au kushuhudia mwenyewe. Taja kipimo kwenye swali. Usipoandika "dakika", mmoja atajibu "nusu saa" na mwingine "si mbali sana".

Hatua ya 4: Jedwali la marudio

Hizi ndizo dakika za wanafunzi wetu 20, nimeshazipanga kutoka ndogo hadi kubwa:

5, 10, 10, 12, 15, 15, 15, 18, 20, 20, 22, 25, 25, 28, 30, 30, 35, 40, 45, 90

Marudio ni mara ngapi jibu limejitokeza. Hesabu kwa vijiti: vinne vya wima, cha tano kinawakata wenzake kwa mshazari, ili baadaye uhesabu kwa tano tano. Kwa kuwa namba ni nyingi na zimetawanyika, tuziweke kwenye makundi yenye upana sawa:

0–9: 1
10–19: 7
20–29: 6
30–39: 3
40–49: 2
90–99: 1

Jumlisha marudio. Yasipofika 20, kuna mtu umemruka au umemhesabu mara mbili.

Hatua ya 5: Wastani, namba ya kati, modi

Jumla ya dakika zote ni 510. Gawanya kwa 20, wastani ni 25.5. Namba ya kati, au mediani, ni ile inayokaa katikati baada ya kupanga. Hapa wako 20, kwa hiyo tunachukua ya 10 na ya 11, yaani 20 na 22, na katikati yao ni 21. Modi ni inayojirudia zaidi: 15.

Sasa tazama vizuri. Wanafunzi 13 kati ya 20 wako chini ya wastani! Mwenye dakika 90 ameuvuta juu. Mtoe, wastani unashuka hadi karibu 22.1, lakini namba ya kati inasogea kidogo tu, kutoka 21 hadi 20. Ndiyo maana data zikiwa na namba iliyojitenga hivi, mimi huanza kwa kutaja namba ya kati.

Hatua ya 6: Grafu

Data za sifa huchorewa grafu ya nguzo, na nguzo huachiana nafasi kwa sababu baiskeli na basi ni vitu tofauti. Data za idadi zilizopangwa kwa makundi huchorewa histogramu, na nguzo zake hugusana kwa sababu dakika hufuatana. Kwenye histogramu yetu, acha wazi sehemu ya 50 hadi 89. Ukiiziba kwa kusogeza nguzo ya mwisho, umeficha jinsi muda wa mwanafunzi yule ulivyo mbali na wa wenzake.

Grafu ya mstari hufaa kwa jambo linalobadilika kadiri muda unavyopita. Grafu ya duara huonyesha mgawanyo wa kitu kizima: waenda kwa miguu wakiwa 11, baiskeli 4 na basi 5, kila mmoja ana nyuzi 360 ÷ 20 = 18, hivyo vipande ni nyuzi 198, 72 na 90. Mskoti William Playfair alichapisha grafu za nguzo na za mstari mwaka 1786, na ya duara mwaka 1801.

Andika kichwa cha grafu, na kwenye kila mhimili taja kinachopimwa pamoja na kipimo chake.

Maswali ninayoulizwa

*Mwalimu, ile 90 si niifute tu?*

Hapana. Rudi kwenye hojaji yake kwanza. Kama aliandika 9 nawe ukanakili 90, sahihisha. Kama ni kweli, inabaki.

*Modi zinaweza kuwa mbili?*

Ndiyo, zikifungana zote ni modi.

*Sampuli kubwa si ndiyo bora siku zote?*

Si lazima, ndugu yangu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipokea majibu zaidi ya milioni 2 na kutabiri kuwa mgombea Landon angeshinda urais. Mpinzani wake, Roosevelt, alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, na wengi waliotumiwa karatasi hawakuzirudisha. Chagua kwa nasibu kwanza, ndipo uongeze idadi. Na ongezeko lina gharama: kupunguza kwa nusu kosa la makadirio, yaani tofauti kati ya jibu la sampuli na la kundi zima, unahitaji sampuli mara nne.

*Mhimili wa wima lazima uanzie sifuri?*

Kwa nguzo, ndiyo, kwa sababu msomaji hulinganisha urefu. Chora 50 na 52 ukianzia 48: nguzo ya pili itakuwa na urefu mara mbili ya ya kwanza, wakati tofauti yao ni 2 tu. Grafu ya mstari inaweza kuanzia kwingine, mradi namba za mhimili zisomeke wazi.