DNP ukiwa Nairobi: hesabu saa zako kabla ya kulipa karo

Mwongozo huu ni wa muuguzi aliyesajiliwa Kenya, anayefanya kazi Nairobi au karibu, na anayefikiria uzamivu wa utendaji wa uuguzi, yaani DNP. Njia ziko kadhaa na zinafanana ukizitazama kwa mbali. Zinazozitenganisha ni saa za kliniki, leseni, na mahali utakapofanyia mazoezi. Karo huja baada ya hayo, ingawa wengi huanzia hapo.

Hatua ya 1: Andika kazi, usiandike cheo

Chukua karatasi uandike kazi unayotaka uwe unaifanya miaka mitano ijayo. Kusimamia ubora wa huduma hospitali nzima? Kufundisha chuo kikuu? Kutibu wagonjwa Marekani kama muuguzi wa ngazi ya juu? Kila jibu lina mlango wake.

DNP ni shahada ya Marekani. Programu ya kwanza ilianza Chuo Kikuu cha Kentucky mwaka 2001, na 2004 muungano wa vyuo vya uuguzi wa huko, AACN, ukaipendekeza kuwa shahada ya wauguzi wa ngazi ya juu. Mwenye DNP huchukua ushahidi uliopo, akaugeuza kuwa utaratibu unaofuatwa wodini, kisha akapima kama mambo yamebadilika. Mwenye PhD, uzamivu wa utafiti, hutafuta ushahidi ambao haukuwepo.

Kwa hiyo kama karatasi yako inasema "mhadhiri", anza kuiangalia PhD. Vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, kwa cheo cha mhadhiri vinataka PhD au uzamivu unaolingana nayo, na hilo neno "unaolingana" ndilo linaloleta maswali kwenye usaili. Chuo Kikuu cha Nairobi kina PhD ya uuguzi. Panga angalau miaka 3, na makala mbili zilizochapishwa kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu kabla ya kuhitimu. Kinachochelewesha watu ni hizo makala, kwa hivyo anza kuandika ya kwanza mapema, data ikiwa bado ya moto.

Kama karatasi inasema "kutibu na kuandika dawa hapa Kenya", simama kidogo. Mipaka ya kazi yako hapa inawekwa na sheria pamoja na usajili wako kwenye Baraza la Wauguzi, NCK. Cheti cha DNP peke yake hakiisogezi mipaka hiyo hata inchi moja. (Na wodini, ukijitambulisha kama "daktari", mgonjwa ataelewa kitu kingine kabisa. Taja kwamba wewe ni muuguzi.)

DNP inamfaa zaidi anayetaka uongozi wa kliniki, ubora na usalama wa wagonjwa, sera za huduma, au anayehamia Marekani.

Hatua ya 2: Jua unaingilia mlango upi

Mwenye diploma ya KRCHN (muuguzi aliyesajiliwa wa afya ya jamii): zipo programu chache za Marekani zinazokuchukua kutoka diploma hadi DNP, lakini ni ndefu na ghali. Apgredi kwanza BScN (shahada ya kwanza ya uuguzi) hapa nyumbani ukiendelea na kazi.

Mwenye BScN: njia yako ni ya kutoka shahada ya kwanza moja kwa moja hadi DNP. Kwa kawaida ni miaka 3 hadi 4 ukisoma muda wote, na krediti (vipimo vya uzito wa kozi) nyingi, mara nyingi zaidi ya 65. Ndani yake unachagua taaluma: afya ya familia, akili, ukunga, ganzi. Karibu zote zinadai leseni ya RN (muuguzi aliyesajiliwa) ya jimbo fulani la Marekani kabla hujagusa mgonjwa, maana yake NCLEX-RN, mtihani wa leseni hiyo, kwanza. Ganzi ina masharti zaidi: tangu Januari 2022 kila anayeanza masomo ya uuguzi wa ganzi Marekani lazima aingie programu ya uzamivu, na huwezi kuingia bila uzoefu wa angalau mwaka mmoja ICU. Hiyo haisomwi kwa intaneti ukiwa mtaani Umoja, Nairobi.

Mwenye MScN (uzamili wa uuguzi): hapa ndipo wengi hujikwaa. DNP ya baada ya uzamili ni fupi, kama krediti 30 hadi 40, lakini ina matawi mawili na tovuti za vyuo huyachanganya. Tawi la kwanza ni la waliokwisha kuwa wauguzi wa ngazi ya juu kwa uzamili na cheti cha Marekani. Tawi la pili ni la uongozi na mifumo ya afya, na hupokea uzamili wowote wa uuguzi. MScN ya Kenya, hata ya huduma mahututi au ukunga, kwa kawaida inakupeleka tawi la pili. Ukijaza fomu ya tawi la kwanza utakataliwa na ada ya maombi hairudi.

Mwenye uzamili wa afya ya jamii au MBA juu ya BScN: vyuo vingine hukupokea kwenye tawi la uongozi, vingine vinakuongezea kozi za kuziba pengo. Uliza ni ngapi kabla ya kufurahia barua.

Uingereza wana uzamivu wa kitaaluma wa huduma za afya: moduli kwanza, tasnifu baadaye, na mara nyingi husomwa kwa muda wa ziada miaka kadhaa. Hauna hesabu ya saa za kliniki kama DNP. Kwa mtu asiyeweza kuacha kazi na asiyehama, ni njia inayosahaulika bila sababu.

Hatua ya 3: Hesabu saa

Mwongozo wa AACN wa 2006 uliweka saa 1,000 za mazoezi yanayosimamiwa baada ya shahada ya kwanza. Toleo la 2021 limeweka kiwango cha chini cha saa 500 za ngazi ya juu, lakini taaluma zina nyongeza zake (viwango vya 2022 vya wauguzi wa tiba, yaani nurse practitioners, vinataka angalau 750 za huduma ya moja kwa moja), na vyuo vingi bado vimeshikilia 1,000. Soma kitabu cha mwanafunzi cha chuo husika. Ukurasa wa matangazo hautoshi.

Habari njema ni kwamba saa za uzamili wako zinaweza kuhesabiwa. Sharti ni kwamba zilisimamiwa na chuo, ndani ya kozi, na kuna mtu wa kuzithibitisha. Miaka kumi ya zamu HDU (wodi ya uangalizi wa karibu) ni uzoefu mzuri sana, lakini hapa ni saa sifuri.

Fanya hivi: toa logibuku yako ya MScN. Jumlisha kila mzunguko kivyake, ukiandika wodi, tarehe, jina la msimamizi na idadi ya saa. Peleka jumla hiyo idarani uombe barua yenye nembo, inayotaja idadi ya saa kwa tarakimu, na yenye sahihi ya mkuu wa idara na muhuri. Barua inayosema "alimaliza mazoezi ya kliniki kwa mafanikio" bila namba hurudishwa. Kama logibuku ilipotea, nenda idarani sasa hivi, kabla aliyekusimamia hajastaafu.

Kisha piga hesabu. Tuseme barua inasema saa 480 na chuo kinataka 1,000. Zimebaki 520. Ukipata siku mbili kwa wiki za saa 8, hizo ni 16, na 520 ukigawanya kwa 16 unapata wiki 32 na nusu. Semesta tatu za wiki 15 zinatosha, na zinabaki wiki kadhaa za ugonjwa, maandamano na mvua. Ukipata siku moja tu kwa wiki, ni wiki 65: semesta tano, na karo ya semesta tano. Hesabu hii ndogo ndiyo inayoamua kama programu "ya miezi 18" ni ya miezi 18 kwako.

Hatua ya 4: Barua pepe moja, maswali matano

Mwandikie msimamizi wa udahili na uhifadhi majibu. Simu haina ushahidi.

1. Je, mwanafunzi anayeishi Kenya anaruhusiwa kufanya mazoezi yote Kenya?
2. Je, chuo kiko tayari kusaini mkataba na hospitali ya Nairobi, na nani huandaa mkataba huo?
3. Msimamizi wa kliniki anatakiwa awe na sifa gani? Mwenye PhD ya Kenya anakubalika, au lazima awe na leseni ya Marekani?
4. Je, leseni ya NCK inatosha, au inatakiwa ya jimbo?
5. Je, nitalazimika kufika chuoni, mara ngapi na siku ngapi?

Jibu la swali la kwanza na la nne ndilo linaloua ndoto nyingi. Chuo hukudahili kwa furaha mwaka wa kwanza, kwa kuwa kozi zote ziko kwenye skrini. Mwaka wa pili, zamu ya mazoezi ikifika, ndipo unaambiwa hospitali lazima iwe Marekani. Wakati huo umeshalipa nusu. Na programu ya intaneti haikupatii I-20 (fomu ya chuo ya kuombea visa), hivyo visa ya mwanafunzi, F-1, haipo. Anayeshikilia F-1 mwenyewe anahesabiwa kozi moja tu ya intaneti kwa semesta katika mzigo wake kamili.

Kisha angalia ithibati. Chuo kuwa na ithibati ni jambo moja. Programu ya DNP yenyewe inatakiwa iwe na ithibati ya CCNE, ACEN au CNEA, mashirika ya Marekani yanayokagua programu za uuguzi. Tafuta jina la programu kwenye orodha ya shirika lenyewe. Usibabaike PhD ikikosekana kwenye orodha ya CCNE: hawaithibitishi PhD.

Upande wa nyumbani, waandikie CUE, Gigiri, na KNQA, mamlaka ya sifa za kitaifa, ukiambatisha mtaala, uulize shahada hiyo italinganishwa na ngazi gani. Kwenye KNQF, mfumo wa ngazi za sifa za Kenya, uzamili ni ngazi ya 9 na uzamivu ni ya 10. Kama unategemea kupandishwa cheo, jibu la maandishi lipate kabla ya karo ya kwanza. Ofisi ya rasilimali watu ya kaunti haitasoma brosha ya chuo.

Hatua ya 5: Pesa na usingizi

Zidisha krediti kwa bei ya krediti moja, kisha ongeza ada za teknolojia, bima, safari za lazima, na asilimia 10 ya dharura. Mfano: krediti 36 kwa dola 700 ni dola 25,200. Kwa shilingi 130 kwa dola, hiyo ni 3,276,000, bila vitabu. Mkopo wa sacco ukiwa wa shilingi na karo ya dola, kubadilika kwa bei ya dola ni juu yako. Ukiomba likizo ya masomo, soma bondi: miaka utakayodaiwa na kiasi utakachorudisha ukiondoka.

Usingizi nao una bei. Kipindi cha saa moja jioni New York ni saa nane usiku Nairobi wakati wao wa kiangazi, na saa tisa usiku wakati wa baridi. Ukitoka zamu ya mchana na kesho una nyingine, hutadumu semesta. Chagua programu inayorekodi vipindi, au omba usiwekwe zamu ya asubuhi inayofuata.

Hatua ya 6: Mradi, kabla hujajaza fomu

Fomu nyingi zinataka uandike mradi unaoufikiria. Chagua kitu kinachopimwa kwa karatasi zilizoko wodini tayari. Mfano: vidonda vya mgandamizo kwenye wodi ya mifupa. Swali: je, kupima Braden (alama za hatari ya kupata vidonda) kila zamu na kumgeuza kila mgonjwa mwenye alama 18 kushuka kutapunguza vidonda vipya? Hesabu vidonda vipya wiki 8 kabla, fundisha wiki 2, hesabu tena wiki 8. Kama faili haziandiki kidonda kilianza lini, huna kipimo cha mwanzo, badilisha mradi.

Kamati ya maadili ya chuo cha Marekani inaweza kusema huu ni uboreshaji wa huduma, si utafiti, ikakuachilia. Hospitali yako hapa Nairobi mara nyingi itataka kibali cha kamati yake ya maadili hata hivyo, na leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi ya taifa, pia ikiwa wataona ni utafiti. Mkataba wa chuo na hospitali usipokuwa umesainiwa, kamati hiyo haiwezi kujua uko chini ya nani. Kwa hiyo utaratibu ni huu: mkataba, kisha barua ya mkuu wa uuguzi, kisha kamati ya hospitali, na hapo ndipo uanze kuhesabu saa za mradi. Saa hizo ziandike mbali na zamu ya mshahara, kwenye daftari lake, zikisainiwa wiki hiyohiyo. Sahihi zinazokusanywa mwisho wa semesta kwa kalamu moja hutiliwa shaka, na zikikataliwa unarudia saa zote.